Ukuta Uliomwagika

Ukuta ulianza kumwagika tukiwa bado tunacheka.

Kamanda, msimamizi wetu, alikuwa amepiga nyundo mara chache tu, chini kabisa, usawa wa magoti, na tofali moja likaingia ndani kama jino la mtoto. Tulitegemea vumbi. Tulitegemea zege nyuma yake. Badala yake lile shimo likatoa kitu chembamba, cha rangi ya dhahabu iliyochujuka, kikiteremka bila haraka yoyote mpaka kwenye viatu vyetu. Niliinama nikakinga kiganja. Pumba za mpunga. Zilikuwa kavu, nyepesi kama mabawa ya kumbikumbi, na zilitoa harufu ya ghala, harufu ya mavuno ya watu ambao huenda wengi wao walikuwa wameshalala makaburini.

"Zibeni!" Kamanda alipiga kelele. "Mnashangaa nini? Zibeni!"

Yeye aliziba kwa mguu. Mwenzetu mmoja akavua shati akalisokomeza shimoni. Lakini tofali la juu lilikuwa limeshalegea. Likaanguka, la pembeni likalifuata, na ukuta ukafungua mdomo. Sijawahi kuona kitu kikubwa kikianguka kwa upole vile. Pumba zilitufika kwenye vifundo, zikapanda, tukarudi nyuma mpaka katikati ya chumba tumeshikana mikono kama watu wanaovuka mto. Mlangoni alikuwa amesimama mdogo wangu wa kike, katika sare yake nyeupe ya uuguzi. Hakuwa akiangalia pumba. Alikuwa akiangalia kipimajoto kilichoning'inia kwenye msumari.

Nilipofika kwenye mji ule nilikuwa nimemwambia nitakaa siku chache, maneno aliyokuwa akiyasikia kwangu tangu tukiwa vijana. Nimeishi maisha ya kutangatanga. Hata shule nilisoma vipande vipande: kusoma nilifundishwa mji mmoja, kujumlisha mji mwingine, na kugawanya sikukaa mahali popote muda wa kutosha. Kazi iliyonifaa ilikuwa kuvunja. Watu hujenga, wanahama, wanafilisika, wanakufa, halafu tunakuja sisi na nyundo, mitaimbo na lori. Kanuni yetu ilikuwa moja: jengo lianzwe magotini. Ukishalikata magoti, mwili unajileta wenyewe. Tukimaliza tunapakia vyuma, tunapanda juu yake, tunaondoka. Katika miaka yote ile sikurudi hata mara moja kuona kilichoota mahali nilipopaacha peupe.

Safari hii tulikuwa tumeitwa kuvunja kiwanda cha barafu. Kilikuwa kimekufa siku nyingi, tangu watu walipoanza kununua majokofu ya nyumbani, na manispaa ilitaka mahali pa kuegeshea malori. Lilikuwa jengo zito, bila dirisha hata moja, limejiinamia kama mtu aliyekasirika zamani akasahau sababu. Upande wa pili wa uzio kulikuwa na kituo cha afya, na ndani ya kituo kulikuwa na wodi ya wazazi, na wodi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnyima mdogo wangu usingizi.

Ule ni mji wa mwinuko. Mchana jua linachoma kwelikweli, na alfajiri pumzi yako unaiona. Wodi ilikuwa ya bati, juu na pembeni. Mchana kikaango, alfajiri kisima. Mtu mzima atajifunika, atalalamika, kutakucha. Lakini mdogo wangu alikuwa na watoto njiti, wale wanaokuja duniani kabla ya wakati wao, wenye ngozi kama ganda la kitunguu, ambao hata kutetemeka hawajajifunza. Dawa yao kubwa ni kifua cha mama: mtoto anafungwa pale, ngozi kwa ngozi, kutwa kucha.

"Sasa mama mwenyewe akiwa anatetemeka," aliniambia, "mtoto anapata nini?"

Mmoja wa watoto waliopotea katika wodi ile alikuwa mjukuu wake. Binti yake, mpwa wangu, alikuwa fundi cherehani. Mimi nilimwita Sindano, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake. Tangu msiba ule mama na binti walizungumza mambo yote ya dunia isipokuwa hilo moja. Na sasa Sindano alikuwa mjamzito tena, mumewe yuko mbali kwenye machimbo, na tumbo lilikuwa limeshaanza kumsogeza nyuma kutoka kwenye cherehani.

Siku yetu ya kwanza, kabla hatujashusha vifaa kwenye lori, mdogo wangu alivuka uzio kuniletea chai. Alinikuta ndani, katika chumba kikubwa walimokuwa wakihifadhi barafu. Nje jua lilikuwa la utosi. Alisimama na kikombe mkononi, akageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyesikia anaitwa. Kesho yake alirudi alfajiri, akanivuta mkono mpaka mahali palepale.

"Kaka, humu kuna joto au kuna baridi?"

Nikafikiri. "Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna chochote. Ni humu tu."

"Na jana mchana?"

Nikakumbuka. Ilikuwa vilevile.

Aliposema watoto wake wahamie humo, Kamanda alicheka, akasema wanaoamua ni manispaa, siyo dada za watu. Lakini Kamanda hakumjua mdogo wangu. Alikwenda huko manispaa akakaa kwenye benchi, na alipoinuka kwenye lile benchi alikuwa amepata watu wawili. Mmoja ni Bwana Afya, mtu wa miwani na maneno ya kuhesabika. Wa pili ni binti wa buti kubwa, aliyekuwa ameajiriwa kuchora ramani ya hayo maegesho ya malori. Sisi tulimwita Mchoraji.

Nimekutana na wachoraji wengi katika kazi yangu, kwa kuwa nilikuwa navunja waliyoyachora. Huyu alikuwa wa aina yake. Alikuja na mfuko wa karanga, akakaa sakafuni katikati ya chumba cha barafu, akala karanga kutwa nzima. Tulidhani anangoja mtu. Jioni akaniuliza, "Mzee, hili jengo lilikuwa linalinda nini?"

"Barafu."

"Lilikuwa linalinda barafu dhidi ya jua. Lakini ukuta haujui barafu, wala haujui jua. Unajua kukataa kupitisha, basi. Sasa tuuombe ulinde kitu kingine." Akanipa karanga zilizobaki. "Swali langu ni moja: unakataaje? Ni wa nini huu, mpaka ukatae hivi?"

Kumjibu swali hilo akaitwa Mzee Barafu, ambaye ujana wake wote ulipita katika kiwanda kile na ambaye hakuwahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Aliupiga ukuta kofi kama mtu anayesalimia ng'ombe wake. "Zege," alisema. "Zege tupu. Nilikuwepo wakimimina." Tukamwamini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeona ndani ya kuta nyingi kuliko mtu yeyote pale, na sikuwahi kujiuliza hata mara moja kwa nini vilivyokuwemo vimo.

Bwana Afya alitoa masharti yake akiwa amesimama, hakutaka hata kiti. "Mama Mkunga, ning'iniza kipimajoto humu. Toboeni madirisha, wekeni vitanda, fanyeni mtakavyo. Nitakuja kabla baridi haijakolea. Nikikuta kipimajoto kimetulia asubuhi na mchana, chumba ni chenu. Nikikuta kinatembea, hawa mabwana wa nyundo watamalizia kazi waliyoitiwa."

Madirisha aliyataka mdogo wangu, na aliyataka chini, usawa wa kitanda, ili mama aliyelala na mtoto kifuani aone watu wakipita. Mchoraji aliona ni wazo zuri, akayachora kwa chaki ukutani. Na walioambiwa watoboe tulikuwa sisi, wavunjaji, tuliokuwepo tayari na nyundo zetu. Mjenzi angeanza kwenye mstari wa juu wa chaki, taratibu, na pumba zingemchungulia chache tu, akaziba mapema. Sisi tulianza magotini. Nyundo ilikuwa mkononi mwa Kamanda, lakini yeyote kati yetu angepiga palepale.

Basi ndiyo hivyo. Ukuta mzima wa upande wa kituo ulimwagika mpaka ukabaki umesimama mtupu.

Mchoraji alikuja mbio, akaingia kwenye pumba mpaka mapajani. Aliokota moja, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, akaitafuna.

"Kumbe ni wewe," aliiambia.

Halafu akakaa juu ya rundo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na karanga. "Niliuliza jua linapita wapi," alisema. "Niliuliza maji yanakwenda wapi. Nikapima kila kitu. Ndani yuko nani, nikaridhika na jibu la kwanza nililopewa."

Wote tukamgeukia Mzee Barafu, aliyekuwa amefika na fimbo yake.

"Zamani," alisema bila kupepesa jicho, "zege lilikuwa hivi."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu, kwa sababu hatukuwa na la kufanya. Katika lile rundo tulikuta pia kijiko, na Mzee Barafu akaapa ni chake, kilimponyoka alipokuwa kijana, na akakitia mfukoni. Mdogo wangu peke yake hakucheka. Mchana ule kipimajoto kilipanda. Alfajiri kikashuka. Ule mstari mwekundu, ambao siku zote ulikuwa umetulia kama mtu anayesikiliza, sasa ulikuwa unapanda ngazi na kushuka.

Nilimkuta nyumbani ameketi mbele ya sufuria ambalo hakuwa ameliwashia moto.

"Yule haendi mpaka mwisho," aliniambia. Alikuwa anamsema binti yake. "Nimemshika tumbo, nalijua. Atajifungua kabla, kama mara ile. Na baridi inakuja. Nitampokea kwa mikono hii, halafu nitampeleka wapi? Kule kwenye bati tena?"

Mimi ni mtu ambaye, mambo yakifika hapo, huanza kutafuta viatu vyangu. Nilivitafuta, nikavivaa. Lakini badala ya kwenda stendi nikajikuta nimerudi kiwandani, kwa kuwa kulikuwa na jambo linaniwasha kichwani na nilitaka kuliona.

Nilipanda juu ya dari. Chini ya paa kulikuwa na mbao zimelazwa kando ya ukuta. Niliziinua, nikalala kifudifudi, nikachungulia. Maisha yangu yote nilikuwa nimeziona kuta zikiwa zimelala chini. Sikuwahi kuutazama ukuta kutoka juu, ukiwa umesimama. Zilikuwa kuta mbili, siyo moja, zimeachana mkono mzima, na kati yao giza lililokwenda mpaka sakafuni. Nikadondosha kokoto. Lilikwenda, likagonga huku, likagonga kule, likafika. Nikasogea mpaka ukuta wa upande wa pili, ambao haukuguswa, nikainua ubao wake: pumba zilikuwa pale, usawa wa pua yangu, zimetulia, zimeshuka kidogo tu tangu siku ile walipozijaza. Nikatia mkono mpaka begani. Ndani hapakuwa na joto wala baridi.

Niliteremka nikapiga ule ukuta uliojaa kwa vifundo vya vidole, tup, tup, kama kumgonga mtu aliyeshiba. Nikapiga ule uliomwagika. Ukalia kama ngoma. Nikarudi kwenye ule wa kwanza. Nilikuwa nakwenda na kurudi hivyo, nagonga na kutega sikio, Mchoraji alipoingia asubuhi akanikuta.

"Mzee, unabisha hodi kwa nani?"

"Ulitaka kujua unakataaje," nikamwambia. "Panda juu uone. Walijazia kule. Sisi tulizitoa kwa chini. Zitarudi kwa juu."

Alipanda, buti na yote. Nilisikia akicheka peke yake huko darini. Alipoteremka alikuwa na buibui kwenye nywele na alikuwa ameshapanga kazi nzima. Kwanza seremala atatengeneza visanduku vya mbao, vya upana wa ukuta, na kuvipachika mahali pa madirisha, ili pumba zipite juu na pembeni yake zisitoke tena. Mbao zilikuwepo, zile rafu zilizokuwa zikibeba barafu. Pumba za zamani zitapigwa chekeche kuondoa vipande vya tofali, zitaanikwa, zitachanganywa na chokaa ili panya na wadudu wasizipende. Zitakazopungua zitaletwa kutoka mashine ya kukoboa mpunga iliyokuwa nje ya mji, ambako walikuwa wakizichoma moto ili kuziondoa njiani.

Ilikuwa kazi ya mikono mingi, na mikono hatukuwa nayo. Mtaa mzima ulikuwa umeshatucheka. Habari ya friji ya watoto ilikuwa imefika sokoni, kwa kinyozi, kila mahali, na wanawake walikuwa wameapa hawaingii. Aliyeongoza kucheka alikuwa ndugu yangu wa damu.

"Mjomba, karibu," Sindano aliniambia nilipoingia katika chumba chake cha kushonea. Alikuwa na pini mdomoni na hilo halikumpunguzia maneno. "Nasikia friji yenu imetapika."

"Imetapika. Nimekuja kwa kazi, siyo kwa matusi."

"Matusi ni bure, chukua tu. Mimi nimeshamwambia mama: mwanangu siyo samaki."

Nilimweleza shida yetu. Tukizimimina pumba kwa ndoo kutoka juu, nusu zinapeperuka, vumbi linatujaa kifuani, na za chini zinaning'inia katikati bila kufika. Nilihitaji bomba la turubai, refu, la kuteremka ndani ya ukuta mpaka chini, tulivute taratibu kadiri ukuta unavyojaa.

Alitoa pini mdomoni. "Unataka niushonee ukuta suruali?"

"Mguu mmoja tu."

Alicheka, akatazama tumbo lake. "Mimi sishoni nguo ya mtu nisiyemwona," alisema. Akachukua futikamba yake, tukaondoka, mimi mbele, yeye nyuma ameshika kiuno.

Mama yake alikuwa mlangoni mwa kiwanda. Hawakusalimiana, mdogo wangu alisogea pembeni tu, akampisha. Sindano aliingia polepole. Aligusa ukuta. Alichungulia kwenye tundu la dirisha, akaona kituo cha afya kule ng'ambo, akaona bati la wodi, akalitazama kwa muda mrefu. Halafu akageukia mlango, ule mlango mnene wa chumba cha barafu, na nikaona uso wake unabadilika.

"Huu unafungwa wapi?"

"Nje," nikasema.

"Na aliye ndani anafunguaje?"

Hakuna aliyekuwa amejiuliza. Wote tuliangalia lile komeo kubwa la chuma, nje, na mahali palepale upande wa ndani palipokuwa laini kama kiganja.

"Mnashangaa watu hawaji," Sindano alisema. "Ningekuwa mimi nimelala humu na mtoto, macho yangu yangekuwa hapo kutwa. Ling'oeni."

Kamanda alilipiga nyundo mara moja. Nilimjua Kamanda miaka mingi, na sijamwona akivunja kitu kwa furaha kama ile.

Suruali ya ukuta ilikuwa tayari baada ya siku chache, na Sindano aliileta mwenyewe, akaweka kigoda chake mlangoni ili aone inavyokaa. Wateja wake waliofuata nguo zao dukani wakaelekezwa kiwandani. Wakaja na vicheko vyao tayari. Lakini mtu akija kucheka karibu na kazi hupewa ndoo, na Sindano aligawa ndoo kwa ulimi uleule aliokuwa akigawia matusi. "Wewe mama, gauni lako liko tayari, lakini kwanza nipelekee hii juu." Hawakuja kwa ajili ya watoto njiti, nisiseme uongo. Walikuja kuona ukuta unavyolishwa. Mmoja alitaka kujua mdudu hataingia? Mwingine akataka kujua moto je? Mchoraji aliwaonyesha chokaa, akawaonyesha plasta itakayofunika. Mzee Barafu alikaa kivulini akiwaeleza wote kwamba zamani kazi hii walikuwa wanaifanya wawili tu, yeye na mwenzake.

"Si ilikuwa zege, mzee?" mtu akamuuliza.

"Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza."

Jambo nililolipenda kuliko yote ni kwamba ukuta ulikuwa na hiari yake. Ukiujaza mpaka juu leo, kesho asubuhi unakuta umeshuka, kama mtu aliyekula akakaa vizuri ili apate nafasi ya kuongeza. Tukaongeza. Ukashuka tena. Mimi nilikuwa mgonga ukuta. Kila asubuhi nilianza mlangoni, tup, tup, nikizunguka na kutega sikio, na palipolia kama ngoma niliweka alama ya chaki, wakaenda kujaza hapo. Sikuwa nimewahi kuamka nikiwa na hamu ya kujua jengo limelalaje.

Mvua za baridi ziliwahi. Bwana Afya alikuwa bado hajaja, plasta ya mwisho haijakauka, vitanda vilikuwa viwili tu, na Sindano akashikwa na uchungu.

Ilikuwa kama mama yake alivyosema: kabla ya wakati, tena kabla sana. Alijifungulia katika chumba cha kujifungulia cha kituo, kunakucha, mvua ikipiga bati kwa kelele kiasi kwamba mdogo wangu alikuwa akitoa maelekezo kwa vidole. Nilikuwa nje kwenye ukumbi. Nilimsikia mtoto, sauti ndogo, kama mlango wa kabati ukikwaruza. Kisha mdogo wangu akatoka, mikono bado mibichi, akanitazama, na nikamwona akipigana na nafsi yake. Chumba hakijakubaliwa. Akimpeleka kule, na likatokea lolote, halitakuwa kosa la bati tena. Litakuwa lake.

Kutoka ndani ikasikika sauti ya binti yake, imechoka, lakini ni ileile.

"Mama. Mnangoja nini? Nipelekeni kwenye friji."

Tulimbeba juu ya machela, mimi na Kamanda na wengine, Mchoraji akishikilia turubai juu yake. Lilikuwa lile turubai la suruali, limepasuliwa. Mtoto alikuwa ndani ya nguo ya mama, hata hatukumwona. Tulivuka uzio kwenye matope, tukaingia. Na mle ndani palikuwa kama siku ile ya kwanza: hapakuwa na chochote, palikuwa ni mle tu. Sindano alilala kwenye kitanda cha kando ya dirisha. Baada ya muda midomo yake iliacha kutetemeka. Baada ya muda mwingine, mama yake aliweka mkono mgongoni mwa mtoto, akauacha pale, na akaketi chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama.

Sindano aliteremsha mkono wake mmoja kutoka kitandani, ukaning'inia, na mama yake akaushika.

Bwana Afya alikuja asubuhi ya siku ya pili yake, mvua bado inanyesha, bila kubisha hodi. Nadhani alikuwa ameshaambiwa. Alisimama kizingitini, maji yanadondoka kutoka kwenye koti lake, akatazama kitanda, akatazama kipimajoto. Aliondoka. Mchana, jua lilipojitokeza, alirudi. Akatazama tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama mara ya tatu. Mdogo wangu alikuwa amesimama wima kama mwanafunzi, na mimi nilikuwa nimeshika ukuta kana kwamba ungemwagika upya.

"Mlango," Bwana Afya alisema hatimaye.

"Umefanya nini mlango?" mdogo wangu akauliza.

"Ufungeni. Mnapoteza joto."

Akaurudisha mwenyewe alipokuwa anatoka, taratibu, kwa mikono miwili.

Wiki chache baadaye vitanda vilikuwa vimejaa. Vile visanduku vya madirisha, kwa unene wa ukuta, vilikuwa virefu kama rafu, na akina mama waliweka humo vikombe, vitana, simu zao. Mmoja alikuwa akiketi ndani yake kabisa, miguu juu, mtoto kifuani, akipiga soga na wapita njia. Mchoraji alikuwa ameshahamia kwenye jengo jingine. Nilisikia amekaa sakafuni mwa karakana ya zamani, anakula karanga. Kamanda naye alikuwa amepata kazi, ghala la kuvunja katika mji wa mbali. Lori lilikuwa limepakiwa. Nilipita chumbani kuaga, mkoba wangu begani.

Sindano alitaka kwenda kuoga. Mama yake alikuwa na mtoto wa mtu mwingine mikononi. Wakatazamana, halafu wakanitazama mimi.

"Babu," mdogo wangu alisema, na hakuwahi kuniita hivyo, "tua mkoba. Fungua shati."

"Mimi?"

"Kwani kifua huna?"

"Kina mvi," Sindano alisema, "lakini kitafaa. Mjomba, tafadhali usikohoe."

Walinikalisha kitini, wakamlaza mtoto kifuani kwangu, wakatufunga kwa kitambaa. Alikuwa mwepesi kuliko kofia yangu na mwenye joto kuliko nilivyotegemea. Alinusanusa, akageuza shavu, akatulia. Nilitaka kusema kwamba lori linaningoja, lakini Sindano alikuwa ameshatoka na ndoo yake, na mdogo wangu alikuwa amenipa mgongo.

Waliniambia baadaye kwamba Kamanda alipiga honi mpaka wenye maduka wakatoka nje, akapiga tena kwenye kona, akapiga tena alipofika barabara kuu. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa naangalia kidole chake kimoja, kilichokuwa kimeshika unywele mmoja mweupe wa kifuani kwangu, na hakikuwa na mpango wa kuuachia.